Kicheko cha Mama Ndeshi

Jambo hili lilianza siku ya Jumanne, tarehe kumi na moja Juni, saa nne kasorobo asubuhi, kwenye kibaraza cha Mama Ndeshi, katika kijiji cha Ngureri, chini ya mlima Meru. Naitaja saa kwa sababu picha yenyewe imebeba saa yake ndani, na kwa sababu msichana ambaye mkasa huu ulimwangukia hangenisamehe ningesema tu "hapo zamani". Sogeeni basi, wakubwa kwa wadogo. Nimewaletea fumbo. Mkishalisikia msinitazame mimi kwa jibu, maana sinalo.

Walikuwa watu wanne, na kila mmoja alijaliwa lake.

Mshamu alijaliwa jicho. Alikuwa kijana wa Lindi, mpole, kamera haimtoki kifuani. Angeweza kukaa kimya mahali mpaka watu wakasahau kwamba yupo, na hapo ndipo alipopiga picha.

Anaeli alijaliwa ulimi. Alikuwa mzaliwa wa Ngureri hapohapo, mtu mzima mwenye watoto, na angeweza kumchekesha hata hakimu aliye katikati ya kusoma hukumu. Wazee walimpenda, na wakwe zake walimwogopa.

Atupele alijaliwa kalamu. Alikuwa binti wa Tukuyu aliyemaliza chuo kikuu na kupata kazi ofisini Arusha. Alikuwa mtu wa kuhakiki. Kama ameandika kwamba ng'ombe wa fulani alikufa Jumatatu, angepiga simu kijijini kuuliza kama kweli ilikuwa Jumatatu, kisha angepiga tena kuuliza kama kweli ni ng'ombe. Na bado, akishaituma hadithi, angeisoma tena na tena mpaka jioni.

Na Mama Ndeshi alijaliwa kicheko. Msidhani hicho ni kipaji kidogo. Ngureri ilipokuwa na harusi, yeye alialikwa kabla ya mpishi. Kicheko chake kilianzia chini kama sufuria inayoanza kuchemka, kikapanda taratibu, na kilipofika juu machozi yalimtoka, na mkono wake ukapanda ukafunika mdomo.

Hapo kwenye mkono nikae kidogo. Maji ya Ngureri yana madini ya floraidi kupita kiasi. Anayeyanywa tangu utotoni meno yake hugeuka rangi ya kahawia, na wengine, wasio na bahati, mifupa yao hupinda wakiwa bado wanakua. Kwa hiyo watu wa kule hukua wakijua kuchekea nyuma ya kiganja. Hawafundishwi. Mtoto anaona mama anafanya, naye anafanya. Mwenyeji akiuona mkono umepanda mdomoni na macho yamelowa, anajua kuna kicheko. Mgeni anaona kitu kingine kabisa.

Wanne hawa walikutanishwa na shirika moja dogo la maji. Shirika hilo lilijenga mitambo ya kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na ili lijenge lilihitaji wafadhili, na ili lipate wafadhili lilihitaji hadithi. Sasa sikilizeni jinsi hadithi ya Mama Ndeshi ilivyotengenezwa, kila mtu na fungu lake.

Fungu la kwanza ni la Anaeli. Siku ile, njiani, Mshamu alikuwa amemuuliza kwa nia njema kabisa kama watu wa huku ni wanywaji wakubwa wa kahawa. Anaeli akaimeza hiyo kimya. Walipofika kibarazani, Mama Ndeshi akakaa kwenye kigoda, amekakamaa kama anayesubiri sindano. Anaeli akamwambia kwa Kimeru: "Mama yangu, huyu kijana ameyaona meno yetu, ameniuliza tunakunywa kahawa vikombe vingapi. Nimemwambia sisi hatunywi, sisi tunaitafuna shambani." Mama Ndeshi akapasuka kwa kicheko. Baadaye, alipokuwa amemleta mama yule kwenye mazungumzo ya kweli, Anaeli aliuliza habari za binti yake, akaandika alivyoambiwa, bila kuongeza wala kupunguza. Hilo lilikuwa fungu la Anaeli, na halikuwa na uongo ndani yake.

Fungu la pili ni la Mshamu. Yeye hakujua Kimeru. Aliona mwanamke aliyekakamaa akilegea ghafla, mabega yakitikisika, mkono ukipanda mdomoni, macho yakijaa maji na mwanga wa asubuhi ukiyaangukia. Akapiga picha moja. Moja tu, kwa sababu Mama Ndeshi aliinuka akakimbilia ndani, akarudi na kikombe cha maziwa na uso uliotulia. Mshamu akauliza: "Kaka, umemwambia nini?" Anaeli akaona aibu kumweleza mgeni kwamba aliyechekwa ni huyo mgeni mwenyewe. Akasema: "Aa, mambo yetu wenyewe." Mshamu hakuigusa picha ile kwa rangi wala kwa mkasi. Aliituma ofisini kama ilivyokuwa. Hilo lilikuwa fungu la Mshamu, na halikuwa na uongo ndani yake.

Fungu la tatu ni la Atupele. Alizipokea picha za Mshamu kwa njia yake na maelezo ya Anaeli kwa njia yake, akakaa mezani kuviunganisha. Katika maelezo alikuta kwamba miaka mingi nyuma, Mama Ndeshi alimpeleka bintiye hospitali, na huko akaambiwa chanzo cha miguu ya binti kupinda. Atupele akampigia Anaeli kuhakiki: ni daktari aliyemwambia, au ni nesi? Alikuwa daktari. Alilia hapohapo, au alipofika nyumbani? Hapohapo. Ndipo akaandika: "Mama Ndeshi alilia siku daktari alipomwambia kwamba maji aliyomnywesha binti yake ndiyo yaliyoipinda miguu yake." Akatafuta picha ya kuweka juu ya maneno hayo. Macho yake yakasimama kwenye ile moja. Hakuandika kwamba picha ile ni ya siku ile. Hakuandika kwamba mama analia pichani. Aliiweka tu. Hilo lilikuwa fungu la Atupele, na lisomeni herufi kwa herufi, halikuwa na uongo ndani yake.

Fungu la nne ni la Mama Ndeshi mwenyewe. Shirika lile lilikuwa na sharti zuri: picha ya mtu haitoki mpaka mwenyewe aione, na habari ya mtu haitoki mpaka mwenyewe asomewe. Sharti lilifuatwa. Anaeli alimpelekea picha, Mama Ndeshi akaishika kwa mikono miwili akasema, "Jamani, nimechekaje hapa! Itoeni." Wiki kadhaa baadaye Anaeli akamsomea maneno kwa simu. Mama akasema, "Ni kweli. Nililia siku ile. Andikeni, maji yaje." Aliiona picha bila maneno, na aliyasikia maneno bila picha. Akakubali mara mbili.

Na maji yakaja. Wafadhili waliiona ile picha na yale maneno, wakaguswa, na kabla ya mvua za vuli kitongoji cha Bondeni kilikuwa na mtambo, matangi mawili, na mabomba ya chuma yanayong'aa. Watoto wachanga wa Bondeni wananywa maji hayo mpaka leo, na meno yao yanaota meupe. Kwenye ukuta wa mtambo shirika likatundika bango kubwa: Mama Ndeshi, mkono mdomoni, macho yamelowa, na chini yake yale maneno.

Hadithi ingeishia hapo ingekuwa tamu. Haikuishia hapo.

Baada ya Pasaka, wafadhili walitaka kuja wenyewe. Walikuwa wanafikiria mtambo wa pili, kwa kitongoji cha Mlimani, ambako watoto bado walikuwa wanakunywa maji yaleyale ya zamani. Walisema jambo moja tu: wangependa kusimama mbele ya bango na kukutana na yule mama. Atupele akatangulia siku moja kabla kwenda kuandaa. Hakuwa amewahi kufika Ngureri. Alimkuta Mama Ndeshi kibarazani anapukuchua mahindi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye Atupele?"

"Ndiye mimi, mama."

"Mwenye kalamu."

"Ndiyo, mama."

"Kaa hapo, pana kivuli." Akasogeza ungo. "Umeandika vizuri, mwanangu. Umeandika vizuri mpaka nimempoteza mtoto."

Atupele akainuka. "Ndeshi amefanya nini, mama? Yuko wapi?"

"Yuko ndani. Yuko ndani tangu mlipotundika lile bango." Mama Ndeshi aliendelea kupukuchua, punje zikianguka mojamoja. "Pale nilikuwa nacheka."

"Pale wapi?"

"Kwenye picha. Nilikuwa nacheka, mwanangu. Muulize Anaeli."

Jueni kwanza Ndeshi ni nani. Ni binti mzima, fundi cherehani, na magauni ya maharusi wa Ngureri yanatoka mikononi mwake. Miguu yake imepinda nje kama upinde, kwa hiyo anatumia cherehani ya mkono. Siku zote alikaa na cherehani yake kibarazani, akibishana na wapita njia. Siku ya kuzindua mtambo alikwenda kama wengine. Akalisoma bango. Akarudi, na jioni ile akaiingiza cherehani chumba cha nyuma.

Atupele alikuwa akiipitia sentensi yake kichwani, neno kwa neno, akitafuta uongo ulipo ili autoe. Hakuuona. Hilo ndilo lililomtisha zaidi.

"Mama, acha kumsumbua mgeni," sauti ikasema mlangoni. Ndeshi alikuwa amesimama pale, pini mdomoni, ameegemea mwimo wa mlango. "Karibu, dada."

"Asante. Ndeshi, nimesikia, nimeona nikueleze. Pale kwenye picha mama alikuwa anacheka."

"Nani kakwambia?"

"Mama mwenyewe, sasa hivi."

Ndeshi akatoa pini mdomoni. "Na wewe ulipoichagua, uliona anacheka?"

Atupele alitamani kusema ndiyo. Lakini alikuwa mtu wa kuhakiki.

"Niliona analia."

"Basi. Wewe umesoma, umelipwa kutazama, umeona analia. Mimi nione nini?"

"Ndeshi mwanangu," mama akasema.

"Mama, mimi sijakulaumu. Ulilia hospitali?"

"Nililia. Uliku—"

"Basi." Akamgeukia Atupele, na sauti yake haikuwa na hasira, ndiyo maana ilikuwa ngumu kuisikiliza. "Dada, mimi kutazamwa nimezoea. Watoto wananitazama, wateja wananitazama, hata mbuzi. Nilidhani tu yupo mtu mmoja ambaye akinitazama anamwona Ndeshi. Kumbe hata yeye anaiona miguu. Sasa akicheka humu ndani, najua anajikaza kwa ajili yangu. Nimemwambia aache. Mimi si msiba."

Akarudi ndani. Wakasikia gurudumu la cherehani likianza kuzunguka.

"Umesikia," Mama Ndeshi akasema. "Nikicheka, ananiangalia kama ninayemdanganya. Kwa hiyo sicheki. Na harusini nako siitwi tena. Nani atamwita mama wa kulia?"

Alasiri gari la shirika likafika na wengine: Anaeli, Mshamu, na mkurugenzi wao, Mama Urassa. Mama Urassa alikuwa amelianzisha shirika lile kwenye chumba kimoja cha kupanga, na nywele zake zilikuwa zimeota mvi kwenye kazi hiyo. Si mtu mbaya. Msimfanye mbaya ili fumbo lirahisike.

Wakakaa kibarazani, na Atupele akayasema yote. Anaeli akashika kichwa.

"Nilikuja kumwambia Ndeshi, wallahi. Nilimwambia, mimi ndiye niliyemchekesha mama yako. Mnajua alinijibu nini? 'Wewe Anaeli unachekesha hata makaburini, nani atakuamini?'"

"Ulimchekesha kwa lipi?" Mshamu akauliza. "Mimi uliniambia mambo yenu wenyewe."

Anaeli akatazama paa. "Kahawa."

"Kahawa ipi?"

"Si wewe uliniuliza tunakunywa vikombe vingapi?"

Mshamu akakaa na jambo hilo. Likamwingia polepole, kuanzia masikioni. "Kumbe mlikuwa mnanicheka mimi!"

"Ulijitakia, kaka. Nikamwambia tunaitafuna shambani."

Hapo Mama Ndeshi akaanza. Kilianzia chini, mabega yakatikisika, mkono ukaanza kupanda. Mshamu akauona mkono ule ukipanda, na kwa mara ya kwanza akaelewa alichokipiga picha. Ndani, cherehani ikanyamaza. Mama Ndeshi akausikia ukimya ule. Mkono ukashuka mapajani, na kicheko kikafia njiani.

Mshamu akaivua kamera shingoni.

"Tulitoe bango," Mshamu akasema. "Picha ni yangu, mimi nasema tulitoe. Au tuandike chini yake kwamba mama anacheka. Mistari miwili tu. Ndeshi anaamini kilichoandikwa, basi tumwandikie."

"Kesho?" Anaeli akasema. "Wageni wanafika kesho, unataka wakute bango linalosema mama anacheka? Kaka, nyumbani kwangu ni Mlimani. Mtoto wangu wa mwisho ameanza kutembea mwezi huu. Miguu imenyooka bado. Nimeitazama asubuhi, nitaitazama jioni. Wewe unarudi Arusha kunywa maji ya chupa."

"Kwa hiyo Ndeshi asikae kibarazani maisha yake yote?"

"Sijasema hivyo!"

"Umesema nini basi?"

"Nimesema sijui!"

Mama Urassa akamgeukia Atupele. "Binti yangu, nionyeshe neno la uongo kwenye ile sentensi. Moja tu. Nitalifuta kwa mkono wangu leo hii."

"Halipo, mama."

"Ukisahihisha kitu ambacho hakina kosa, mfadhili anaelewa nini?"

"Anaelewa kwamba tulimdanganya."

"Na tulimdanganya?"

Atupele akaipitia sentensi tena. Ukweli wa picha ulikuwa mzima. Ukweli wa maneno ulikuwa mzima. Uongo ulikuwa umekaa katikati, kwenye ile nafasi nyeupe kati ya picha na maneno, na hapo hakuna mtu aliyeandika kitu.

"Sikiliza," Mama Urassa akasema kwa upole. "Nimeomba maji miaka mingi. Nimewapelekea takwimu, nimewapelekea ripoti za maabara, nimewapelekea hata chupa ya maji yenyewe. Hakuna aliyenijibu. Wamejibu machozi ya huyu mama. Mama anayecheka hajengewi mtambo. Mimi sikuiumba dunia hivyo."

"Tumuulize mwenyewe," Mshamu akasema. "Sura ni yake."

Wote wakamtazama Mama Ndeshi. Aliuinamia ungo wake.

"Mdogo wangu kaolewa Mlimani. Ana pacha." Akachagua punje moja iliyooza, akaitupa. "Nikisema liondoke, nimewanyima maji watoto wa ndugu yangu. Nikisema libaki, nimemnyima Ndeshi mama yake. Mlinionyesha picha, nikakubali. Mlinisomea maneno, nikakubali. Mimi nimeshakubali mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa sijui nakubali nini. Mara hii amueni nyie mliosoma."

Mama Urassa akainuka, akakung'uta khanga yake. "Bango ni la shirika, lakini maneno ni ya Atupele. Kesho wageni wakiuliza habari ya ile picha, atajibu yeye. Sitamwekea neno mdomoni." Huenda alisema hivyo kwa heshima. Huenda alikuwa amechoka. Atupele hakuweza kujua, na hakuthubutu kuuliza.

Asubuhi iliyofuata, kabla duka la jirani halijafungua madirisha yote, Atupele alinunua wembe. Rula alikuwa nayo, maana hatoki bila rula. Akateremka peke yake mpaka kwenye mtambo. Akaliweka sawa bango kwa kiganja, akapima, akakata sehemu ya chini kwa mstari ulionyooka kabisa, akaukunja ule ukanda wenye maneno na kuutia kwenye mkoba. Juu akabaki Mama Ndeshi peke yake, mkono mdomoni, macho yamelowa, hana neno. Atupele akarudi nyuma akatazama. Akajiambia: sasa hakuna anayedanganywa. Anayetaka kuona kilio ataona kilio, na anayetaka kuona kicheko ataona kicheko. Kwa mara ya kwanza tangu jana akaweza kuvuta pumzi mpaka chini.

Haikumsaidia kwa muda mrefu.

Wageni walifika saa tatu. Watoto wa Mlimani waliletwa na ndoo zao, wakaimba. Anaeli alikuwa amempakata mwanawe wa mwisho, na mtoto alikuwa akichezesha miguu hewani, imenyooka kama mishale. Mama Urassa alisimama pembeni, mikono nyuma. Alikuwa ameshaona kwamba bango limepungua, na aliliacha hivyohivyo. Mama Ndeshi alikuwa amevaa kitenge chake cha harusini.

Kiongozi wa wageni alikuwa mama wa makamo aliyewahi kuishi nchini na kukijua Kiswahili. Akalisogelea bango. Akaweka mkono kifuani.

"Huyu mama," akasema. "Kule kwetu tulisoma maneno chini yake. Hapa hayapo. Watoto wetu watakaoiona picha hii wakiniuliza, niwaambie mama huyu anafanya nini?"

Kabla mtu hajajibu, watu wa nyuma wakapisha. Ndeshi alikuwa amekuja. Alikuja kwa mwendo wake, taratibu, tangu nyumbani mpaka mtamboni, kwa mara ya kwanza tangu vuli. Uso wake ulikuwa mkavu. Alikuwa amesikia kwamba maneno yamekatwa, maana Ngureri habari hailali, na alitaka kuona kwa macho yake. Akalitazama bango, akamtazama mama yake, kisha akamtazama Atupele.

"Hata mimi nimekuja kuuliza hilohilo," akasema. "Sema, dada. Mama anafanya nini hapa?"

Atupele akamtafuta Mshamu kwa macho, na Mshamu akatingisha kichwa: sema. Akamtafuta Anaeli, na Anaeli akamkumbatia mwanawe zaidi. Akamtafuta Mama Ndeshi, na Mama Ndeshi akatazama chini, maana alishasema hataamua. Mwanamke mmoja mgeni na binti mmoja wa Ngureri walikuwa wamesimama bega kwa bega, wameuliza swali moja, na lilitaka jibu moja, kwa sauti, mbele ya wote.

Atupele akasogea mbele hatua moja, akafungua mdomo.

Mimi namwacha hapo. Hajasema.

Sasa nyinyi mliokaa hapa. Anaeli alileta kicheko, Mshamu akakinasa, Atupele akakiwekea maneno, na Mama Ndeshi akaviruhusu vyote viwili. Ondoa fungu la yeyote kati yao, na Bondeni wangekuwa bado wanakunywa maji mabaya. Ondoa fungu la yeyote kati yao, na Ndeshi angekuwa bado kibarazani anabishana na wapita njia. Yupi kati ya wanne ana haki ya kusema picha ile ni ya nini? Atupele akisema "anacheka", atazame tena ile miguu ya mtoto wa Anaeli. Akisema "analia", atazame uso wa Ndeshi. Na msiniambie anyamaze. Kunyamaza alishanyamaza asubuhi, kwa wembe na rula, na mmeona palipomfikisha.

Wageni wanasubiri. Ndeshi anasubiri. Haya, wewe uliyekaa hapo, ungekuwa umesimama alipo Atupele: ungesema nini?